Mukono Uliobaki Begani mwa Papa

Butembo, Furu
Tarehe 6 mwezi wa kumi, 2024

Mupendwa kaka yangu mukubwa, yaya wangu Jephté,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Habari ya Liège? Habari ya bibi yako na watoto? Baridi imeanza? Jirani yetu Marie-Jeanne anasema kwenu mwezi huu watu wanaanza kuvaa koti juu ya koti. Natumaini unayo ya kutosha. Natumaini pia mugongo umepona, ule uliokusumbua ulipokuja kutuona. Nauliza kwa sababu Mama alitufundisha kwamba barua bila salamu ni kama kuingia nyumbani mwa mutu bila kupiga hodi, na sitaki uende kusema kwamba Séphora amesahau malezi.

Sisi tuko wazima. Mvua inanyesha kila magaribi na njia ya kwetu imekuwa matope matupu. Shangazi Kanyere anakohoa lakini anatembea. Watoto wangu wanasoma. Cherehani yangu inafanya kazi, wakati huu wanawake wa kwaya wanataka nguo za sikukuu na mimi ninashona mpaka vidole vinakufa ganzi. Shamba la Mbau hatujafika. Wanaokimbia vita kutoka kule wanasema kakao imeiva vizuri, na wanaoivuna si sisi. Ndiyo afya yetu hiyo.

Utashangaa kupokea karatasi. Umenifungia telefone yako, kila nikipiga hainichukui, na ujumbe wangu haukufikii. Marie-Jeanne anakwenda Brussels kwa binti yake, na amekubali kubeba barua hii na kuitia mukononi mwako mwenyewe. Unaweza kuichana. Lakini utaichana ukiwa umeishika.

Nitaandika hata mambo unayoyajua, yaya. Yale unayoyajua ndiyo yale uliyoyakana.

Hulda ni binti ya Papa. Alizaliwa Kamango, na mwanamuke mwingine, wakati Papa alikuwa anafanya biashara ya mupaka na Mama alikuwa hapa Butembo anatulea. Mama yake Hulda alipokufa, Papa alimuleta mutoto nyumbani. Mama yetu alilia siku ile. Kisha alipasha maji moto, akamwogesha, akamuvika kanzu yangu. Tangu pale tulikula katika sahani moja. Ni wewe peke yako uliyehamisha sahani yako.

Papa alipoanza kuvimba miguu, na muganga akasema ni moyo, nani alimuchukua? Nyumba ya Hulda iko Mavivi, karibu na njia ya uwanja wa ndege, na hospitali ya Beni haiko mbali. Hulda anauza maharagi na beignets, yale maandazi, kwa watu wa moto, wale wa pikipiki, na kwa wasafiri. Alikuwa anapika asubuhi, anauza, anarudi kumugeuza Papa kitandani, anakwenda tena mezani kwake. Mimi nilikuwa ninapanda Beni nikipata nafasi, nikiogopa njia. Yeye hakuhitaji kupanda. Alikuwa pale.

Wewe ulikuja mara moja. Ndege ilikuteremusha Mavivi, ukapita mbele ya nyumba ya Hulda, ukaenda kulala hoteli. Kesho yake ulikuja kutuona uwanjani kwa Hulda. Papa alikuwa na nguvu kidogo siku ile. Tulimukalisha kwenye kiti, na koti lake la kahawia. Mimi niliketi kwenye mukeka karibu na miguu yake. Hulda alisimama nyuma, akaweka mukono wake juu ya bega la Papa, ule wenye bangili ya shanga za kijani. Nyuma yetu migomba. Ukasema, «Musogee, musogee,» ukapiga foto na telefone yako. Ile ndiyo foto ya mwisho Papa akiwa ameketi. Hakuna nyingine.

Basi Papa akafa. Hulda ndiye aliyemufunga macho.

Ulipopata habari ulisema, kama mutoto mukubwa, mambo yote ya foto tukuachie wewe. Ulituambia kwa kujisifu kwamba sisi huku tunapoteza muda kwa mafundi, wakati wewe katika ordinateur yako una programu ya bure kabisa, mutu yeyote anaweza kuichukua, inaondoa giza katika foto, inasafisha sura, inarudisha rangi, foto iliyochoka inakuwa kama ya leo asubuhi. Tulikushukuru. Mimi mwenyewe nilikutumia sauti nikikushukuru, nafikiri bado unayo. Ukaitayarisha foto, ukaituma moja kwa moja kwa Malachie, yule anayechapa maturubai ya kilio na kalikoti, vile vitambaa vikubwa vyenye foto ya marehemu, hapa karibu na soko. Malachie aliichapa jinsi ulivyoituma na kuitundika juu ya mulango wetu mukubwa. Sisi tulikuwa bado njiani na mwili, tunatoka Beni.

Gari lilipofika, watu walikuwa wamejaa. Shangazi Kanyere alishuka wa kwanza. Ni kaka yake aliyekuwa ndani ya lile sanduku, kwa hiyo watu walimufungulia njia. Alisimama chini ya kalikoti akaitazama muda murefu.

«Huyu ni kaka yangu,» akasema. «Na ile mukono juu ya bega yake, iko ya nani?»

Nikainua macho. Papa alikuwa pale, mukubwa, mwenye kung'aa, koti lake limekuwa jipya. Mimi nilikuwa pale chini. Na mahali aliposimama Hulda palikuwa na majani ya migomba. Majani mazuri, ya kijani, mengi. Katikati ya majani hayo na koti la Papa kulikuwa na mukono uliokatika kwenye kifundo, na bangili ya shanga za kijani, umemushika Papa kwenye bega. Mukono bila mutu.

Hulda alikuwa anashuka kutoka nyuma ya gari, amebeba blanketi la Papa. Aliona kalikoti. Aliona mukono wake. Aliuficha tu ule mukono chini ya kitenge chake, kama mutu aliyekamatwa nao.

Ungekuwa hapa ungesikia jinsi uwanja unavyobadilika. Kwanza ni kunong'ona. Halafu mutu mumoja anasema kwa sauti kile ambacho wengine wanakitafuna. Mutu huyo alikuwa Éliakim, mutoto wa baba mudogo, yule aliyekimbia Mbau na familia yake na sasa anakaa kwetu Furu. Éliakim amezika watu wengi kuliko umri wake na tangu hapo anatafuta mwenye kosa kila mahali. Alinyoosha kidole.

«Ile bangili tunaijua. Iko ya Hulda. Mutu mwenyewe iko wapi? Hata foto imemukataa.»

Mwingine akauliza nani alikuwa anamupikia muzee. Mwingine akajibu. Neno sumu likatoka, na baada ya neno lile hakuna aliyetaka kusimama karibu na Hulda.

Nilisema. Nataka ulijue hilo, nilisema kwa sauti yote niliyonayo. Niliwaambia kwamba mimi nilikuwa pale siku ya foto, kwamba Hulda alisimama nyuma ya Papa, kwamba ni wewe umemutoa. Éliakim akaniuliza kama ninaweza kuhakikisha. Nikasema tumupigie mwenye foto, aseme mwenyewe. Nilikuwa nakuamini, yaya. Nilijua humupendi Hulda, lakini sikujua kwamba unaweza kusikia watu wanamuita muchawi na ukanyamaza.

Nilikupigia. Niliweka sauti kubwa. Uwanja muzima ulitulia, hata wale waliokuwa wanapasua kuni waliacha.

«Yaya, hii foto ya Papa, ulimutoa Hulda?»

Ulikohoa kwanza. «Kumutoa namna gani? Miye niliweka tu lumière, mwangaza kidogo.»

«Yaya, banasema mambo mabaya hapa. Sema tu kweli.»

«Séphora, ile programu iko ya bure. Kitu ya bure inafanya mambo yake yenyewe. Labda njo yenyewe iliharibu. Ao labda hakukuwa mutu pale. Hapana munisumbue na mambo ya foto, miye pia niko mu kilio.»

Ukakata.

Labda hakukuwa mutu pale. Éliakim aliinua mikono yake miwili mbele ya watu wote kama hakimu aliyemaliza kazi. Hata wale waliokuwa bado wana mashaka waliyaacha. Kama mutoto mukubwa wa marehemu, mutu wa Ulaya, mwenye ordinateur, amesema kwamba hakukuwa mutu, basi ule mukono ulitoka wapi?

Walimutoa Hulda nje ya mulango. Hawakumupiga, Shangazi aliwazuia kupiga. Lakini walimutupia blanketi la Papa matopeni, kwa sababu alikuwa amelishika yeye. Alipanda moto kurudi Beni siku ileile, wakati sisi tunakwenda makaburini. Papa alizikwa na watu waliokuja kula, na yule aliyemulisha hakutupa hata konzi ya udongo.

Yaya, maneno hayakuishia Butembo. Njia ile tunayoiogopa sisi, maneno yanaipita bila kusimama kwenye kizuizi chochote. Yalifika Mavivi. Watu wa moto waliacha kusimama kwenye meza ya Hulda. Mama mumoja alimutoa mutoto wake beignet mudomoni akaitupa njiani, mbele ya macho yake. Mutu aliandika MUCHAWI kwa makaa kwenye mulango. Mawe yalianza kuanguka juu ya mabati. Yeye aliendelea kupika kila asubuhi, kwa sababu hakujua kufanya kitu kingine, na maharagi yalichacha katika sufuria. Aliyakula mwenyewe, yakiwa yamechacha. Haya aliniambia Hulda, bila kulia, kama mutu anayeeleza habari ya jirani.

Mimi, hasira yangu ilinipeleka kwa Malachie. Nilitaka kugombana na mutu na wewe ulikuwa mbali. Nilimukuta katika kiduka chake, jenereta inapiga kelele, na nikaanza kumutukana hata kabla ya kumusalimu. Nilimwambia programu zao za bure zimeua familia yangu.

Malachie hakukasirika. Alinisogezea kiti. Alifungua ordinateur yake akaniuliza jina la ile programu uliyoitaja. Nikamwambia.

«Mama Séphora, njo hii. Iko mbele yako. Miye natumikisha hii tangu nilianza kazi. Sikulipia kitu, na siku moja haijafuta mutu yenyewe.»

Aliniletea foto ya harusi aliyokuwa anaitengeneza akanionyesha. Nitakueleza ingawa unajua kuliko mimi. Ukitaka kutoa mutu, alisema, unashika souris, kile kipanya cha ordinateur, na kumuzungusha. Unaanzia kichwani. Unafuata nywele, sikio, shingo, bega, mukono, kidogo kidogo, ukikosea unarudia. Ukisha kumufunga katika ule mustari, unakwenda kukamata kipande cha majani ya pembeni na kuja kukipanga juu yake, kipande kwa kipande, mpaka mutu anaisha.

Nikamuuliza kama hakuna nyingine zinazofanya hivyo zenyewe.

«Ziko, za sasa. Unagusa tu, mutu anatoka. Lakini hata zile, inaomba kidole ya mutu iguse.»

Halafu alifungua foto yako, ile uliyomutumia, akaikuza mpaka majani yakajaa kioo chote. Akaniambia niangalie. Mimi ni mushonaji, yaya. Kiraka hakinipotei. Kulikuwa na jani moja limepasuka kwa upepo, na tundu kama la sigara karibu na ncha. Jani lile lilikuwa pale upande wa kushoto, mahali pake pa kweli. Lilikuwa tena kifuani mwa Hulda. Lilikuwa tena usoni mwa Hulda. Jani lilelile, pasuko lilelile, tundu lilelile.

«Na mukono?» nikauliza. «Kwa nini aliacha mukono?»

«Mukono ilikuwa juu ya koti. Majani hapana inaweza kufunika koti. Ilikuwa inaomba kutengeneza koti upya, pale chini ya vidole. Ile ni kazi ya kweli. Labda alichoka.»

Nimewaza sana juu ya kazi yako ile. Ninapoketi kwenye cherehani ninaiwaza. Wakati Hulda alikuwa anaosha maiti ya Papa na maji ya vuguvugu, wewe uliketi mahali penye joto, na souris mukononi, ukifuata mustari wa nywele zake. Ulifuata sikio lake. Ulifuata shingo yake, bega lake, kiwiko chake. Ulikwenda polepole ili usikosee. Katika maisha yako yote, Jephté, hujawahi kumwangalia Hulda muda murefu kama ule. Na baada ya kumwangalia hivyo, ulimufunika.

Halafu ukaisingizia programu. Watu wasiokujua walitengeneza kitu kizuri wakakitoa bure, kwa wewe na kwa Malachie na kwa mutu yeyote, na Malachie anakula na watoto wake kwa sababu yao. Wewe ulikichukua bure, ukakitumia kwa chuki yako, na ulipoulizwa ukasema ni chenyewe. Ni vizuri hukusema kwamba ni Papa aliyemusukuma Hulda nje ya foto. Labda ulikosa tu nafasi.

Nilimuomba Malachie tutelemushe kalikoti. Tuliikunja nikaipeleka kwa Shangazi Kanyere, tukaitandaza chini katika sebule yake. Shangazi aliita wazee wa familia, akamuita na Éliakim. Nilipiga magoti juu ya kalikoti, nikawaonyesha jani la kwanza, la pili, la tatu. Shangazi aliyafuata kwa kidole chake, kutoka moja mpaka lingine, halafu akarudi nyuma akayafuata tena.

Éliakim akasema, «Majani yote inafanana.»

«Weye ulikomalia mu migomba,» Shangazi akamwambia. «Ulisha kuona wapi majani mbili inapasuka sawasawa na kutobolewa sawasawa?»

Éliakim aliinama akaangalia. Aliangalia vizuri, sitamusingizia. Kisha akasema kwamba hata hivyo, Jephté alikana mbele ya watu wote, basi Jephté aseme.

Mimi ulikuwa umenifungia. Shangazi hujathubutu kumufungia. Alikuachia sauti, na ukamujibu kwa sauti, nafikiri hukujua kwamba yuko na wazee. Tulikusikia wote. Ulisema, «Shangazi, hapana ukasirike. Nilitaka tu foto ya familia. Huku, batu ba kanisa banauliza kila mutu ni nani, na miye nilisha kubaambia Papa yetu alikuwa shemasi, mutu wa bibi moja.»

Foto ya familia. Shangazi aliirudisha sauti yako tangu mwanzo, ili muzee mumoja asiyesikia vizuri aisogeze sikioni. Éliakim alichukua kofia yake akatoka. Tangu siku ile ananisalimu akiangalia chini. Lakini hajaenda Mavivi kumuomba Hulda musamaha, na ninakuandikia wewe kwanza, kwa sababu yeye aliamini uongo na wewe uliutengeneza.

Sikiliza sasa alichofanya Shangazi yako, na kile kifua chake.

Alisema kwamba kusafisha jina sebuleni Butembo hakusaidii sufuria Mavivi. Tulipanda taxi pamoja. Njiani alikohoa mpaka dereva akataka turudi. Tulipofika, mulango wa Hulda ulikuwa umefungwa, na yale maandishi ya makaa bado yako juu yake. Hulda alijibu kutoka ndani kwamba ni mugonjwa, turudie siku nyingine.

«Miye niko na njaa,» Shangazi akasema. «Nimetoka Butembo bila kukula. Fungua.»

Mulango ukafunguka kidogo. Hulda amekonda, yaya. Alisema polepole, «Shangazi, banasema chakula yangu iko na sumu.»

«Njo ile nimekuja kukula.»

Hulda alitaka kutukaribisha ndani. Shangazi akakataa. Akaamuru meza itolewe, iwekwe pale inapowekwa siku zote, kando ya njia, mbele ya maegesho ya moto. Akaketi akingojea maharagi yaive, mikono juu ya meza, na watu wakaanza kukusanyika kama wanaongojea ajali. Sahani ilipokuja, alikula. Hakula kwa haraka. Alikula maharagi, akala beignets, akapangusa sahani kwa kipande cha mwisho, akaomba nyingine. Mimi nilikula karibu naye, lakini hakuna aliyeniangalia mimi. Walikuwa wanamwangalia muzee huyu mwenye kikohozi, wanangojea aanguke.

Hakuanguka. Alimuita mumoja wa wale wa moto.

«Mutoto wangu, kuya ukule na miye. Miye ni dada ya marehemu. Kama iko mutu wa kuogopa hapa, ni miye.»

Yule alicheka kwa aibu, akakataa. Shangazi akaendelea kula. Baadaye mwingine, mutu muzima, alishuka kwenye moto yake, akaketi, akanyoosha mukono kwa sahani. Hulda alimupakulia.

Sitakudanganya kwamba mambo yamekwisha. Wako wanaokula, wako wanaopita. Tulisugua mulango na sabuni na muchanga, na bado jua likipiga upande unasoma lile neno. Mawe yameacha. Hiyo ndiyo hali.

Wiki iliyopita Hulda alikuja Butembo. Hakutaka watu. Nilimupeleka makaburini asubuhi, sisi wawili na Shangazi. Udongo umeshikamana na mvua, majani yameanza kuota juu yake. Alichimbua kidogo kwa vidole, akarudisha palepale, akasema kwa Kinande maneno aliyokuwa anamwambia Papa akimulaza. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na nilikuwa ninalia kwa hasira.

Nikamwambia kwamba ninakuandikia. Nikamuuliza anataka nikwambie nini.

«Hapana umutukane juu yangu,» akasema. «Matusi yako ni yako. Miye nataka kumuuliza kitu moja tu. Siku ile ya foto, Papa alikuwa anaangalia nani?»

Sikuelewa mara moja. Nilipofika nyumbani niliitandaza kalikoti tena. Ni kweli. Papa haangalii mbele. Amegeuza uso juu kidogo, upande wa bega lake, na anacheka. Pasta alisema siku ya mazishi kwamba muzee alikuwa tayari anaangalia mbinguni, na watu wakaitika amina. Hulda alikuwa nyuma yake, naye anaangalia telefone, hakuuona uso wake. Mimi nilikuwa chini kwenye mukeka, ninaangalia telefone yako kama ulivyoniamuru. Ni wewe tu uliyemwona Papa wakati ule. Ni wewe tu uliyeona macho yake yalikwenda wapi.

Mimi nimeelewa kwa kalikoti, na sasa unajua kwamba najua. Lakini Hulda hajui, na sitaki ajue kutoka mudomoni mwangu, kwa sababu atafikiri ninamufariji.

Tuma foto ile, Jephté. Ile ya kwanza, iliyotoka katika telefone. Usiiweke lumière. Usiisafishe. Kama ina giza, iache na giza lake. Usiitume kwangu, itume kwa Hulda, namba yake haijabadilika na hajakufungia. Kama uliifuta, mupigie umwambie kwa sauti yako kwamba uliifuta, na umwambie uliona nini kabla ya kuifuta. Ulimuacha Papa anachekea majani. Hiyo ndiyo inayonikosesha hamu ya kula, zaidi ya yote.

Nasikia kwa watu kwamba unapanga kuja kwa ukumbusho wa Papa. Njoo, hakuna atakayekufungia njia. Lakini hutalala kwangu, na kwa Shangazi hutalala. Ndege inashukia Mavivi. Utatembea kwa miguu mpaka kwenye ile meza, utaketi, utakula kitakachopakuliwa, na watu wakuone. Baada ya hapo tutaongea mambo mengine.

Musalimu bibi yako, sina neno naye. Wabusu watoto, na uwaambie kwamba huku Kongo wana mashangazi wawili, Séphora na Hulda. Uwatajie majina yote mawili. Wasalimu wale wa kanisa lako wanaopenda kujua kila mutu ni nani. Malachie anakusalimu, kwa sababu ni mutu mwema. Shangazi Kanyere hakusalimu, na ameniomba niandike hivyo.

Mungu akulinde na baridi, akulindie watoto, akupe kazi na mukate. Usingizi akupe wa kutosha kuishi, lakini asikupe wote.

Ni mimi mudogo wako, ninayejikaza kukupenda,

Séphora